Mfereji Niliouosha Mara Saba

Mimi ni mtu wa usafi, na usafi wangu uliwahi kuua bustani ya mtu. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akaanza kunihurumia kabla sijamweleza nilichofanya.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa mke mpya. Nilizaliwa Mbeya, katika mtaa wa wafanyabiashara ambao babu zao walipanda kutoka pwani, wakauza chumvi na nguo, wakazoea baridi na kubaki. Nikaposwa na fundi betri wa Iringa, naye akanileta Ipogolo, chini ya mlima, mahali malori yaliposimama kupoza injini kabla ya kupandisha mjini. Kwetu Mbeya nilikuwa na mama, shangazi na wifi wa kugombana nao kutwa. Ipogolo nilikuwa na mume, kuta nne na ua.

Karakana ya mume wangu ilikuwa kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba. Injini ndogo ya dizeli ilitetema tangu asubuhi, na betri za malori zilipangwa juu ya ubao zikisubiri kujazwa moto. Tindikali yenyewe ililetwa na malori kutoka Dar es Salaam, ndani ya chupa kubwa ya kioo iliyovikwa kikapu. Madereva waliiita maji makali. Ukiitazama ni maji tu, huwezi kuitofautisha na ya kunywa, na hilo ndilo lililonichukiza tangu siku ya kwanza. Kitu kikali kiwe na sura kali.

Juma la kwanza nilifua suruali za mume wangu zikatoka na matundu kama chujio. Nikaapa kwamba fundi cherehani alimuuzia kitambaa kilicholiwa na mende, nikaenda hadi dukani kwake kumsema mbele ya wateja. Mume wangu alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini.

"Bibie, si mende. Ni maji ya betri. Yakirukia nguo huyaoni, ukija kufua ndipo unaona kazi yake."

"Basi yakae mbali na nyumba yangu," nikasema.

Hayakukaa mbali. Betri iliyochoka ilimwagwa maji yake ya zamani ndani ya mtungi wa udongo uliowekwa uani chini ya upenu, na utaratibu ulikuwa kwamba mtungi ukijaa, mume wangu au mwenzake wa kazi aupeleke mbali, kwenye miamba ambako hakuna anayelima. Lakini malori hayakwisha na mtungi ulikaa. Siku moja mbwa wa dereva aliingia uani, akanusa huku na huku, akaupindua. Maji yakatapakaa hadi karibu na mahali nilipokuwa nikitandika mkeka wangu wa kusalia.

Tumefundishwa tangu utoto: alipogusa mbwa kwa ute wake paoshwe mara saba, mara moja kwa udongo. Nilichota maji ya mto, nikasugua ua kwa udongo, kisha nikamwaga maji safi mara sita. Ua uling'aa. Nikausukumia uchafu wote kwenye mfereji wa maji ya mvua uliopita chini ya ua wetu wa miti na kutokomea ng'ambo. Sikuuliza unakotokomea.

Nilipenda sana matokeo ya kazi ile. Nikawaza, kama mara saba zinamtosha mbwa, na tindikali zitaitosha. Tangu hapo kila Alhamisi, nyumba ijiandae kwa Ijumaa, nilikuwa naumwaga mtungi mwenyewe mferejini, kisha nauosha mfereji mara saba, ya kwanza kwa udongo. Mume wangu alipokuta mtungi mtupu alidhani mwenzake ameupeleka miambani, akamshukuru. Mwenzake, mtu wa kupenda shukrani, akazipokea.

Ng'ambo ya ua wetu, kati yetu na mto, palikuwa na bustani ya mjane mmoja wa Kihehe. Alikuwa mtu mzima kunizidi, Mlutheri, mrefu, mwenye mikono mipana kama ya mwanamume. Nilipofika Ipogolo, wakati wengine wakinichungulia na kuninong'ona, yeye alikuja moja kwa moja mlangoni na fungu la majani ya maboga, akanisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene. Wewe ndiyo Mswahili mpya? Chukua mboga. Hapa baridi inaua mtu asiyekula."

Mswahili ndilo jina alilonipa, kwa kuwa nilikuwa Mwislamu, nilivaa kanga na sikujua Kihehe. Alipotaka kunitania aliliita kwa kuvuta, "Mswahiiili," nami nilijifanya kununa. Alinifundisha kupika mboga kwa maji ya majivu: unaweka majivu ya jikoni ndani ya chungu chenye matundu, unapitisha maji, yanayodondoka chini unatilia mboga, nazo hulainika haraka. Mimi nilimfundisha mchuzi wa manjano. Alisema unapendeza macho lakini hauna maana, kisha akaomba sahani ya pili. Kama si yeye ningepanda lori la kwanza kurudi Mbeya, na hilo namwambia mtu yeyote.

Bustani ile ilikuwa ndiyo maisha yake. Kabichi, vitunguu, maharage, mchicha, vyote alivinywesha kwa mfereji mdogo aliouchimba na marehemu mumewe. Ndipo mboga zikaanza kufa. Kabichi za mwanzo wa mfereji ziliungua kingo za majani, kisha zikalala. Maharage yaliota yakawa ya njano, yakakauka kabla ya kuweka maua. Alipanda upya, yakafa upya. Kila nilipokwenda nilimkuta amechuchumaa, akisaga udongo kwa vidole na kuunusa.

"Udongo hii imechoka," aliniambia. "Au labda mwenyewe ameondoka na baraka yake. Tulichimba wawili, mimi nimebaki mmoja."

Nilimfariji. Nakumbuka vizuri maneno yangu yote, na sasa yananiwasha masikio. Nilimwambia subira huvuta heri. Nilimwambia huenda ni wadudu. Nilirudi nyumbani nikasema dua kwa ajili ya bustani yake, na Alhamisi ilipofika nikaosha mfereji mara saba.

Mchuzi ndio ulionifumbua macho. Siku hiyo nilikuwa nimemwagia kitambaa cheupe cha meza mchuzi wa manjano, na kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kuosha mfereji, nikaenda kukifulia kwenye bustani ya mwenzangu ili tupige soga. Mwanamke yeyote anayepika kwa manjano anajua jambo hili: doa lake likikutana na sabuni huwa jekundu kama damu. Usipolijua utapiga kelele. Mama yangu alinifundisha kutoogopa. Ukiosha sana, njano hurudi polepole. Ukitaka irudi papo hapo, kamulia ndimu.

Nilipaka sabuni, doa likawa jekundu. Nikakichovya kitambaa mferejini kwake mara moja tu, na wekundu wote ukatoweka. Doa likabaki njano, kana kwamba nimelikamulia ndimu nzima.

Nikapaka sabuni tena, nikachovya tena. Njano. Nikaenda juu kidogo, mahali maji yake yalipoingia kutoka mtoni kabla ya kukutana na mfereji wa kwetu. Nikapaka, nikachovya. Jekundu, halikutaka kutoka. Nikarudi chini. Njano.

Nilifuata ukingo kwa macho: kutoka pale nilipochuchumaa, hadi kwenye tundu la chini ya ua wetu wa miti, hadi uani kwangu. Nilichovya kidole nikakigusisha ulimini. Kilikuwa kichachu. Ndimu haikuwepo mle ndani, na hakuna aliyekuwa akimwaga kitu humo isipokuwa mimi.

Kama ningekuwa mtu mwema ningemwambia palepale, maana alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, akipalilia. Sikuwa mtu mwema. Nilikunja kitambaa changu nikaaga, nikasema nimesahau chungu jikoni. Siku nne nilijifungia ndani. Aliponiita juu ya ua nilijibu naumwa kichwa, naye akanipitishia majani ya kujifukiza.

Siku ya tano mume wangu alirudi kutoka kununua mboga, akaniambia mjane anahama. Kaka yake wa Ilula amemwambia aende huko akalime nyanya, kwa kuwa hapa ardhi imemkataa. Lori limeshapatikana, ataondoka kesho mchana.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Nilimweleza mume wangu yote, tangu mbwa hadi kitambaa. Hakunipiga wala hakunigombeza. Aliitazama mikono yake yenye makovu, kisha akasema, "Na mimi nilikuwa namshukuru mwenzangu." Halafu akaniuliza kama anisindikize. Nikamwambia hapana, mara saba zote nilizifanya peke yangu.

Nilimkuta akifunga majembe yake kwa kamba. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilihisi nikikaa nitalia na kilio changu kitageuka kuwa ombi. Nilimwambia bustani haijamkataa. Nilimwambia ni mimi, kila Alhamisi. Nikamwonyesha kitambaa.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kitu kimoja.

"Siku ile ulisema ni wadudu, ulikuwa unajua?"

"Siku ile sikujua, mama. Nimejua siku tano zilizopita."

"Siku tano," akasema. Akageuka, akaendelea kufunga kamba. Nilisubiri anitukane, maana tusi lingekuwa na mwisho. Hakunitukana. Nilirudi nyumbani.

Kesho yake, Mungu si Athumani, alikuja bwana shamba mmoja kutoka upande wa Mbeya, mtu mfupi mcheshi aliyekuwa akizunguka kupima udongo wa wakulima. Gari lake liligoma kuwaka akaja kujaza betri. Nilipomsikia akimwambia mume wangu kwamba ana kikasha cha kupimia udongo, nilitoka jikoni na unga mikononi, nikamwambia betri yake haitaguswa mpaka aende bustanini. Mume wangu aliinama akajifanya anatafuta spana.

Mjane alikuwa akijaza vikapu vyake vya safari. Hakunitazama. Bwana shamba alichota udongo, akautia maji, akachovya kijikaratasi cha buluu kikawa chekundu. Akatikisa kichwa. Nikamtolea kitambaa changu, nikapaka sabuni, nikachovya mle mle, kikafanya kazi yake.

"Nani amekufundisha hii?" akauliza.

"Mchuzi," nikasema.

Akakaa ukingoni mwa mfereji akatueleza, akitutazama sote wawili kana kwamba tulikuwa tumekuja pamoja. Akasema vitu vina pande mbili. Upande mmoja ni uchachu: ndimu, siki, maziwa yaliyoganda, na mkali wao wote, tindikali. Hao vitabuni huitwa asidi. Upande wa pili ni magadi, majivu, sabuni na chokaa. Hao huitwa besi. Mmea unakaa katikati, mwingine ukipenda kidogo huku, mwingine kule. Chai ya Mufindi inataka udongo mchachu. Maharage na kabichi hazitaki. Tena, akasema, milimani kwetu mvua yenyewe huosha udongo miaka na miaka hadi ukachachuka, kwa hiyo hata bila maji ya betri kazi ipo. Lakini pande hizi mbili zikikutana kwa kipimo hupatana, ukali wa wote ukaisha, yakabaki maji na chumvi kidogo.

Akaomba tindikali chakavu kidogo kwenye kibakuli cha udongo na konzi ya majivu. Alinyunyiza majivu kidogo kidogo, na bakuli likachemka bila moto, likatoa povu, likatulia. Akachovya kijikaratasi kingine cha buluu. Kikabaki buluu.

Mjane alikuwa ameacha vikapu akasogea.

"Majivu tu?" akauliza.

"Majivu tu, mama. Lakini tope jeusi pale tundu linapotokea likwanguliwe, likafukiwe mbali na mto, lile lina mabaki mabaya ya betri. Msile kilichoota karibu na tundu. Kwingine kote, majivu."

"Bibi yangu alichoma matawi shambani kabla ya ulezi," akasema polepole. "Watu walisema ni kufukuza nyoka."

Bwana shamba akacheka. Mjane hakucheka, lakini alirudi kwenye vikapu akaanza kutoa vitu vyake. Lori la Ilula lilipokuja mchana, aliwaambia wenye lori wachukue kuni badala yake, wasirudi mikono mitupu. Nilisikia nikiwa nyuma ya ua, nikalia kwa sauti kama mtoto, wala sikujali nani ananisikia.

Kukusanya majivu kulikuwa kazi yangu. Yeye hakuniagiza, nilijipa mwenyewe. Nilizunguka na ungo nyumba kwa nyumba, mkahawa wa madereva, tanuri la mikate, jikoni kwa wanawake wa kanisani kwake ambao waliniangalia kwanza kwa mashaka. Haba na haba hujaza kibaba. Baada ya wiki chache walikuwa wakiniwekea mlangoni, na watoto wakinipokea kwa kuimba wimbo wa mwanamke wa Kiswahili anayeokota majivu. Mume wangu naye alichimba shimo uani, akalizungushia udongo wa mfinyanzi, akalitia chokaa, na tangu hapo maji ya betri yalimalizia povu lake humo.

Hata hivyo sikuponyoka bila kosa la pili. Kwa vile dhambi ilikuwa kubwa, niliona na majivu yawe makubwa. Nilimwagia tuta moja la vitunguu debe zima, mjane akiwa ibadani. Aliporudi alisimama juu ya tuta lile jeupe mikono kiunoni.

"Mswahili, kwani kila kitu kwako lazima mara saba?"

Yalikuwa maneno yake ya kwanza ya utani tangu siku ya kamba. Vitunguu vile viliungua, kweli, maana majivu nayo yakizidi huchoma, lakini sikuwahi kufurahia kugombezwa namna ile. Tangu hapo tulipima. Udongo wa kila tuta tuliutia maji kidogo na kuchovya vipande vya kitambaa changu, nilichokuwa nimekitia manjano chote. Kitambaa cha njano kikigeuka chekundu, majivu yamezidi. Kilichofanywa chekundu kwa sabuni kikirudi njano mara moja, bado uchachu upo. Kitambaa cha meza nilicholetewa harusini kiliisha chote kwa kukatwakatwa.

Mchicha ulikuwa wa kwanza kurudi. Kisha maharage, safari hii ya kijani hadi ncha. Kabichi zilichelewa, zikaja ndogo na ngumu, lakini zikaja. Mahali palipobaki uchi ni karibu na tundu la ua wetu, kipande kisichozidi mikeka miwili, tulipokwangua tope. Asubuhi moja aliniita, akanipa jembe.

"Hapa ni pako," akasema. "Umeichoma mwenyewe, utaiponya mwenyewe. Mimi sitashika."

Sikuwahi kushika jembe maishani. Nilitoka malengelenge, nikachekwa. Mwaka wa kwanza halikuota hata jani. Nikabeba udongo mpya kutoka mlimani kwa kikapu, nikatia samadi, majivu kwa kipimo, nikapima kwa kitambaa, nikasubiri. Mwaka wa pili yaliota maua ya bangi mwitu ya njano, yale ambayo hakuna anayeyapanda, na mjane alikuja kuyatazama akasema si mboga, lakini ni kitu. Mwaka wa tatu tulihamia Mbeya, mume wangu akafungua karakana Uyole. Siku ya kuondoka sikwenda kukiaga kipande kile. Nilikuwa nimekionea haya, bado kilikuwa na magugu tu.

Nilirudi Ipogolo baada ya miaka mingi, nikiwa na wajukuu. Mjane alikuwa ameshatangulia. Bustani ilikuwa imejaa mboga hadi ukingoni, na pale kwenye tundu palikuwa na vichaka vya maua vilivyotunzwa, vikubwa, vimepaliliwa na kuzungushiwa mawe. Binti mmoja alikuwa akivimwagilia maji kwa ndoo. Nikamwuliza kwa nini mahali pazuri hivi hapapandwi mboga.

"Bibi alikataza," akasema. "Hapa tunapanda maua tu. Panaitwa kwa Mswahili."

"Mswahili gani?"

"Mimi sijui. Bibi alisema ni wake, amesafiri, tumtunzie mpaka arudi."

Nikamwomba ndoo.